Yaliyopita kwa Kiingereza: Anza na Kiswahili Chako

Mtu anayejua Kiswahili anajua tayari kutofautisha “nilikula”, “nimekula”, “nilikuwa nakula”, “nilikuwa nimekula”, “sikula” na “sijala”. Hakuna aliyemkalisha darasani kumfundisha, amekua nazo. Lakini akianza Kiingereza, mtu huyohuyo hukabidhiwa jedwali la nyakati kumi na mbili, akatakiwa alikariri kana kwamba hajawahi kusimulia jambo lililopita maishani mwake. Ndiyo maana wengi humaliza shule wakiyajua majina ya nyakati, lakini wakiulizwa kwenye usaili wa kazi walifanya nini mwaka jana, maneno hayatoki.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unaanza na viambishi vya Kiswahili, unaonyesha kila kimoja kinalingana na nini katika Kiingereza, kisha unakaa zaidi pale lugha hizi mbili zinapoachana, kwa sababu makosa yetu mengi huzaliwa hapo. Umeandikwa kwa ajili ya anayejifunza mwenyewe: mwongoza watalii, muuguzi, dereva, mhudumu wa hoteli, mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma msingi kwa Kiswahili. Uwe na daftari na kalamu karibu, na mifano yote uisome kwa sauti.

Miundo minne, na yote unayo

Kitenzi cha Kiingereza chenyewe kina umbo moja tu la wakati uliopita: “cook” huwa “cooked”, “go” huwa “went”. Yanayobaki hujengwa kwa vitenzi visaidizi viwili, “be” na “have”. Kwa kusimulia yaliyopita, miundo minne itakutosha kwa sehemu kubwa ya mahitaji yako:

- -li-: Nilipika. “I cooked.” Vitabu huuita past simple.
- -likuwa pamoja na -ki- au -na-: Nilikuwa nikipika. “I was cooking.” Huu ni past continuous.
- -me-: Nimepika. “I have cooked.” Huu ni present perfect.
- -likuwa pamoja na -me-: Nilikuwa nimepika. “I had cooked.” Huu ni past perfect.

Usihangaike na majina. Yajue tu ili ukiyakuta kitabuni ujue yanazungumzia nini. Kilicho muhimu ni kuhusisha kila muundo na kiambishi chako. Anza na -li-, kwa sababu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya masimulizi yoyote.

-li-: umbo la pili la kitenzi

Kosa la kwanza la kuepuka ni kuligeuza neno “was” kuwa kiambishi. Wanaoanza wengi husema “I was go” wakikusudia “nilikwenda”, kwa sababu wamezoea kwamba wakati hukaa mbele ya mzizi wa kitenzi. “Was” maana yake ni “nilikuwa” au “alikuwa”, basi. Tunasema “I was ill”, yaani nilikuwa mgonjwa. Nilikwenda ni “I went”. Katika Kiingereza, alama ya wakati uliopita imo ndani ya kitenzi chenyewe, mwishoni au katikati, na wala si mbele yake.

Vitenzi vya kawaida huongezwa -ed: “work, worked”, “clean, cleaned”. Tahajia ina kanuni chache tu. Kikiishia na e, ongeza d peke yake: “arrive, arrived”. Kikiishia na y iliyotanguliwa na konsonanti, y hugeuka i: “carry, carried”, lakini “play” hubaki “played”. Kitenzi kifupi chenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni hurudia konsonanti hiyo: “stop, stopped”, “plan, planned”. Shule zetu za Afrika Mashariki hufuata tahajia ya Uingereza, kwa hiyo andika “travelled” na “cancelled” kwa l mbili. Wamarekani huandika kwa l moja; usishangae ukiiona.

Matamshi yanahitaji uangalifu zaidi. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo ulimi wetu hupenda kutamka “walked” kama maneno mawili, wok-edi, au kuimeza d kabisa ikabaki “walk”. Zote mbili zinampoteza msikilizaji. Sauti ya -ed ni ya namna tatu:

- Baada ya sauti sighuna kama p, k, f, s, sh na ch, hutamkwa t: “stopped”, “walked”, “laughed”, “washed”, “watched”.
- Baada ya irabu na sauti ghuna kama b, g, l, m, n, v na z, hutamkwa d: “played”, “called”, “cleaned”, “lived”.
- Baada ya t na d pekee, hutamkwa id, na hapo ndipo silabi huongezeka: “wanted”, “needed”, “waited”.

Kuna mbinu inayomsaidia sana msemaji wa Kiswahili. Mwanzoni fanya mazoezi kwa sentensi ambamo neno linalofuata linaanza na irabu, kisha unganisha sauti ya mwisho na neno hilo: “cleaned it” tamka klin-dit, “walked in” tamka wok-tin. Hapo d na t zinapata irabu ya kuegemea, na ulimi hauna haja ya kujitungia nyingine. Ukizoea, utaweza kuzitamka hata zikiwa peke yake.

Vitenzi visivyo vya kawaida

Vitenzi kumi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza, navyo ni “be, have, do, say, make, go, take, come, see” na “get”, vyote si vya kawaida. Hili si jambo la bahati. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliofuatilia vitenzi 177 ambavyo havikuwa vya kawaida katika Kiingereza cha kale. Leo ni 98 tu kati yake ambavyo bado haviko katika kundi la -ed. Vilivyotumika kwa nadra vilinyooka kadiri karne zilivyopita. Vilivyotumika kila siku vilidumu na sura zake. Kwa mfano, wakati uliopita wa “help” ulikuwa “holp”, leo ni “helped”.

Kuna funzo la vitendo hapo. Vitenzi vinavyokusumbua ndivyo utakavyokutana navyo kila siku, kwa hiyo matumizi yenyewe yatakusaidia kuvikumbuka. Usivikariri kwa mpangilio wa alfabeti kama vilivyo nyuma ya kamusi. Vipange kwa jamaa zake, kwa kuwa vingi vina sauti zinazofanana, na kila kitenzi kisome kwa maumbo yake matatu:

- Visivyobadilika: “cut, cut, cut”, vivyo hivyo “put, hit, shut, let, cost, hurt”.
- Vya -ought na -aught: “buy, bought, bought”; “bring, brought, brought”; “think, thought, thought”; “teach, taught, taught”; “catch, caught, caught”.
- Vya i, a, u: “sing, sang, sung”, “drink, drank, drunk”, “begin, began, begun”, “swim, swam, swum”.
- Vya o na -en: “speak, spoke, spoken”, “break, broke, broken”, “steal, stole, stolen”, “write, wrote, written”, “drive, drove, driven”.
- Vya -ew na -own: “know, knew, known”, “grow, grew, grown”, “throw, threw, thrown”.
- Vya d kugeuka t: “send, sent, sent”, “spend, spent, spent”, “lend, lent, lent”, “build, built, built”.
- Vya -pt, -lt na -ft: “keep, kept, kept”, “sleep, slept, slept”, “feel, felt, felt”, “leave, left, left”.

Umbo la pili ni la -li-. Umbo la tatu ni la -me-, yaani linalofuata “have”. Kwa hiyo “I saw him” ni nilimwona, na “I have seen him” ni nimemwona. Ukisema “I have saw” au “I seen”, umechanganya hayo mawili. “Read” nayo iangalie: huandikwa vilevile katika maumbo yote matatu, lakini la pili na la tatu hutamkwa red.

Jifunze vinne kwa siku, siku tano kwa wiki, na siku mbili zilizobaki uwe unarudia. Katika wiki sita utakuwa na vitenzi 120, na kwa mazungumzo ya kawaida hiyo ni akiba kubwa.

Kukanusha na kuuliza: alama moja inatosha

Tunaposema “nilikwenda” kisha tukakanusha, hatusemi “sikulikwenda”. Tunasema “sikwenda”. Kiambishi -li- kinaondoka, ukanushi unashika nafasi yake, na wakati hautajwi mara mbili. Kiingereza kinafanya jambo lilelile. “Did” ikishaingia, imeubeba wakati uliopita wote, na kitenzi kinarudi kwenye umbo la msingi:

- Nilikwenda. “I went.”
- Sikwenda. “I didn’t go.”
- Ulikwenda? “Did you go?”
- Ulikwenda wapi? “Where did you go?”
- Kwa nini hukuniambia? “Why didn’t you tell me?”

“I didn’t went” ni kosa la aina moja na “sikulikwenda”, na hakuna Mswahili anayesema “sikulikwenda”. Kila unapoandika “did”, tazama kitenzi kinachofuata uhakikishe kimerudi kwenye umbo la msingi. “Was” na “were” hazihitaji “did”: “I wasn’t there”, “Were you at home?”

Jibu la swali la kukanusha nalo linatutenganisha. Ukiulizwa “Hukwenda?” nawe hukwenda, kwa Kiswahili unaweza kujibu “Ndiyo, sikwenda”, ukikubali alichosema muulizaji. Kwa Kiingereza jibu ni “No, I didn’t”. “Yes” hapo huashiria kwamba ulikwenda. Mbele ya daktari, polisi au afisa wa uhamiaji, tofauti hiyo inaweza kuleta matatizo makubwa. Njia salama ni kutoa jibu kamili kila mara: “No, I didn’t go.”

-ka-: kila kitenzi kibebe mzigo wake

Masimulizi ya Kiswahili yanasukumwa na -ka-. “Sungura aliamka mapema, akaenda kisimani, akanywa maji yote, akajificha.” Wakati umetajwa mara moja, kwenye “aliamka”, vitenzi vingine vinafuata tu. Kiingereza hakina -ka-. Ndiyo maana insha zetu huanza vizuri, kisha wakati uliopita ukapotea njiani: “The hare woke up early, go to the well and drink all the water.”

Kanuni ni moja: kila penye -ka-, weka umbo la pili. “The hare woke up early, went to the well, drank all the water and hid.” Tazama pia kwamba nafsi haikurudiwa. Kiswahili hurudia a- kwenye kila kitenzi. Kiingereza hutaja mtenda mwanzoni, kikatenganisha vitenzi kwa mkato, kikaweka “and” kabla ya kile cha mwisho. Huna haja ya kuanza kila sentensi kwa “then”.

Ukitaka zoezi bora la sehemu hii, chukua hadithi yoyote ya sungura na fisi uliyoijua utotoni, au mechi ya Simba na Yanga uliyoitazama, uisimulie kwa Kiswahili cha -ka-, kisha uihamishe kwa Kiingereza kitenzi kwa kitenzi. Mpira unakupa vitenzi tele: “passed, scored, missed, saved, fell, won, lost”.

-me-: hapa ndipo penye kazi

Kiambishi hiki kinafanya kazi kubwa kuliko “have” ya Kiingereza, na usipokigawa vizuri utakosea kila siku. Gawa matumizi yake mafungu matatu.

*Fungu la kwanza ni hali unayoiona sasa.* “Mtoto amelala” haizungumzii kitendo cha kulala kilichokamilika. Inasema mtoto yuko usingizini. Hapo Kiingereza hutumia “is” au kitenzi cha wakati uliopo:

- Amechoka. “He is tired.”
- Amelala. “She is asleep.”
- Amekaa. “He is sitting.”
- Amevaa kanzu. “He is wearing a kanzu.”
- Nimeshiba. “I am full.”
- Nimeelewa. “I understand.”
- Duka limefungwa. “The shop is closed.”

Hali hizo zikihamia wakati uliopita, “is” inakuwa “was”: alikuwa amechoka, “he was tired”, alikuwa amelala, “she was asleep”.

*Fungu la pili ni jambo lililotendeka ambalo siku yake imetajwa.* Katika mazungumzo tunasema bila shida “Amekuja jana” au “Nimemwona juzi”. Kiingereza hakikubali. Ukitaja wakati uliokwisha, kama “yesterday”, “last week”, “in 2019” au “two days ago”, “have” haina nafasi: “He came yesterday.” “I saw him the day before yesterday.” Jiulize hivi: je, sentensi yangu inajibu swali “lini”? Ikiwa ndiyo, tumia umbo la pili.

*Fungu la tatu ni jambo lililotendeka ambalo siku yake haikutajwa, na ambalo linahusu sasa.* Hapo ndipo “have” inapokaa. “Nimepoteza funguo” ni “I have lost my keys”, kwa maana hadi sasa sina. “Umewahi kufika Mombasa?” ni “Have you ever been to Mombasa?”, yaani katika maisha yako yote hadi leo. Hapa tofautisha pia “been” na “gone”. “She has gone to Mombasa” maana yake amekwenda na bado yuko huko. “She has been to Mombasa” maana yake alishafika, akarudi.

Tofauti hii ina uzito kwenye usaili. Ukisema “I have worked in a hotel for five years”, anayekuhoji anaelewa bado unafanya kazi hotelini. Ukisema “I worked in a hotel for five years”, anaelewa uliacha. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, lakini moja tu ndiyo ya kweli kwako. Chagua ile inayosema kweli yako.

Muda unaoendelea nao unahitaji “have”. Kiswahili husema “Ninaishi Mwanza tangu mwaka 2015”, kikatumia wakati uliopo. Ukihamisha moja kwa moja utapata “I am living in Mwanza since 2015”, ambayo si sahihi. Sema “I have lived in Mwanza since 2015”. “Since” hufuatwa na mwanzo wa muda, kama mwaka, siku au saa. “For” hufuatwa na urefu wake: “since Monday”, lakini “for three days”. Kwa kitendo kinachoendelea bila kukatika ongeza “been”: nakusubiri tangu asubuhi ni “I have been waiting for you since morning”.

Ndugu za -me- ni rahisi zaidi. -mesha- huenda na “already”: nimeshakula, “I have already eaten”. -ja- huenda na “yet”: sijala, “I haven’t eaten yet”. Sijawahi ni “I have never”. Ukiwasikia Wamarekani wakisema “I already ate”, hawakosei kwa upande wao. Wewe shika “have” kwenye mitihani inayofuata Kiingereza cha Uingereza.

Kuna mtego mmoja kwenye -ja-. Tunasema “kabla hajafika”, kwa umbo la kukanusha. Kiingereza baada ya “before” hakikanushi: “before he arrived”. Usiandike “before he has not arrived”.

Nilikuwa: tukio ndani ya tukio

Muundo wa “was” na -ing unalingana vizuri na wetu. “Nilikuwa nikipika alipopiga simu” ni “I was cooking when he called”. Kitendo kirefu kinachukua “was cooking”, kifupi kilichokikatiza kinachukua umbo la pili, na -po- ya “alipopiga” inakuwa “when”.

Mahali pa kuachana ni pawili. Kwanza, vitenzi vya kujua, kutaka, kupenda na kumiliki kwa kawaida havichukui -ing. “Nilikuwa najua” ni “I knew”, si “I was knowing”. “Nilikuwa na gari” ni “I had a car”, wala si “I was having a car” au “I was with a car”. Pili, mazoea ya zamani yaliyokwisha husemwa kwa “used to”: alikuwa akivuta sigara, sasa ameacha, ni “he used to smoke”. Muundo huu ni wa zamani tu. Kama bado unaamka saa kumi na mbili kila siku, sema “I usually wake up at six”; ukisema “I used to wake up at six”, umesema umeacha.

“Had” hutumika pale mpangilio wa matukio unapohitaji kuwekwa wazi. “Tulipofika stendi, basi lilikuwa limeshaondoka” ni “When we got to the bus station, the bus had already left”. Ukisema “the bus left”, msikilizaji anaweza kudhani liliondoka mlipofika. Lakini usiimwage “had” kila mahali kwa kudhani inapendeza. “Jana nilikwenda mjini” ni “Yesterday I went to town”. Hakuna jambo jingine la kulinganisha nalo, kwa hiyo “had gone” haina kazi.

Ukiripoti maneno ya mtu

Hapa wengi hukosea bila kujua. Kiswahili huacha maneno ya msemaji katika wakati wake: “Alisema anaumwa.” Kiingereza, kitenzi cha kusema kikiwa katika wakati uliopita, kwa kawaida huyarudisha nyuma hatua moja:

- Alisema anaumwa. “She said she was ill.”
- Alisema amekula. “He said he had eaten.”
- Aliniambia atakuja. “He told me he would come.”

Anayeandika ripoti ya zamu hospitalini, taarifa ya ajali au habari ya gazeti ataihitaji kanuni hii kila siku. Kumbuka pia kwamba “told” hudai anayeambiwa, “he told me”, na “said” hukaa bila yeye, “he said”.

Maneno ya wakati

Mengi hayatafsiriki neno kwa neno. Jana usiku ni “last night”. Leo asubuhi ni “this morning”. Mwaka jana ni “last year”, bila “in” mbele yake. Miaka miwili iliyopita ni “two years ago”, si “before two years”. Na saa zetu usisahau kuzigeuza: ulifika saa mbili asubuhi ni “you arrived at eight in the morning”.

Ratiba ya wiki sita

Wiki ya kwanza shughulikia -li- na sauti tatu za -ed. Wiki ya pili, jamaa za vitenzi visivyo vya kawaida na masimulizi ya -ka-. Wiki ya tatu, “did” na maswali. Wiki ya nne yote ni ya -me-. Wiki ya tano, “was” na “had”. Wiki ya sita, kuripoti maneno ya watu na marudio.

Kila jioni andika sentensi tano juu ya siku yako. Ziandike moja kwa moja kwa Kiingereza, kisha zisome kwa sauti. Ukipata mwenzako, ulizaneni “What did you do today?” na “Have you ever…?” kwa dakika kumi. Kama unataka kitabu, “English Grammar in Use” cha Raymond Murphy, kilichotolewa mara ya kwanza na Cambridge mwaka 1985, kina somo upande mmoja na zoezi upande wa pili. Anayeanza kabisa atafute ndugu yake, “Essential Grammar in Use”. Kwa masikio, BBC imekuwa ikifundisha Kiingereza hewani tangu 1943, na vipindi vyake sasa vinapatikana bure kwenye intaneti, vingi pamoja na maandishi yake. Sikiliza kwanza, kisha chukua maandishi upigie mstari kila kitenzi cha wakati uliopita.

Jipime

Funika majibu, uhamishe kwa Kiingereza:

1. Nimemwona daktari juzi.
2. Hukunipigia simu.
3. Mtoto amelala.
4. Tulikuwa na duka Tanga.
5. Sijawahi kupanda ndege.
6. Alisema ameshalipa.
7. Aliingia, akakaa, akaanza kulia.
8. Namsubiri tangu asubuhi.

Majibu: 1. “I saw the doctor the day before yesterday.” 2. “You didn’t call me.” 3. “The child is asleep.” 4. “We had a shop in Tanga.” 5. “I have never been on a plane.” 6. “She said she had already paid.” 7. “He came in, sat down and started crying.” 8. “I have been waiting for him since morning.” Kwenye 6 na 7 “he” na “she” zote zinafaa, na kwenye 8 “him” na “her”, kwa kuwa Kiswahili hakitaji jinsia.

Uliyokosa, rudi kwenye sehemu yake, usianze upya mwongozo mzima. Na ukikosea ukiwa unazungumza, usinyamaze: jisahihishe kwa utulivu, uendelee na habari yako. Tofauti ambazo Kiingereza kinakudai, nyingi unazitumia kila siku kwa Kiswahili. Kilichobaki ni kuzizoesha maumbo mapya. Andika sentensi tano za kwanza leo jioni, na kesho uandike tano nyingine.